Dola milioni 20 si bei ya kichwa
Wengi wakiona picha ya kigogo wa dawa za kulevya na dola milioni 20 chini yake, hudhani Marekani inanunua kichwa chake, awe hai au maiti. Sivyo. Mpango wa zawadi hizo, ulioanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 1986, hulipia taarifa zinazosaidia mtuhumiwa kukamatwa au kutiwa hatiani. Na tafadhali lisome vizuri neno "hadi" kwenye tangazo: kiasi kinachotangazwa ni kikomo tu, si ahadi. Mtumishi wa serikali aliyetoa taarifa akitekeleza kazi yake halipwi. Rafael Caro Quintero, kigogo wa dawa za kulevya wa Meksiko aliyetangaziwa hadi dola milioni 20, alinaswa Julai 2022 na wanamaji wa Meksiko huko Sinaloa. Aliyemgundua vichakani ni mbwa wao, Max.