Shule zikifungwa ghafla: kabla hujatuma linki, uliza hiyo nyumba ina simu ngapi

Shule ikifungwa ghafla, iwe ni ugonjwa, mafuriko au vita, kitu cha kwanza tunachokimbilia wengi wetu ni linki. Linki ya darasa, linki ya video, linki ya homuweki, alafu jioni tunahesabu waliofungua, na waliobaki tunawaandika "hawakushiriki". Kazi yangu ni kushauri shule kwenye mambo haya haya na nikiri tu, hiyo "hawakushiriki" nimeshaiandika mara nyingi bila kujiuliza, mpaka siku mama mmoja aliponielezea simu yake inavyoshinda. Simu ni moja, watoto watatu. Asubuhi anaondoka nayo maana ndo anayoitiwa kazi, anarudi saa moja usiku chaji imebaki kamstari kamoja, yule mkubwa anaing'ang'ania kwasababu mwisho wa kutuma kazi ilikuwa saa kumi na mbili na imeshapita, wa katikati anapiga picha daftari kwenye mwanga hafifu, picha haisomeki, mdogo kalala zamani. Ukifungua mfumo wa shule unaona watoto watatu wazembe.

Na hii si nyumba moja. Mwezi wa nne 2020, korona ilipopamba moto, UNESCO ilihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 duniani waliofungiwa shule. Miezi minne baadae UNICEF ikasema angalau milioni 463 hawakuwa na njia yoyote ya kufikiwa na masomo wakiwa nyumbani, na hapo walishapiga hesabu ya redio na TV pia, sio intaneti peke yake.

Sasa mtu atasema basi tugawe tableti. Sipingi tableti, ila angalia Uholanzi, nchi ambayo intaneti nyumbani sio shida kabisa. Shule zao mwaka 2020 zilifungwa wiki 8 tu, na watafiti walivyolinganisha mitihani ya kabla na baada wakakuta watoto wamepoteza kama sehemu moja ya tano ya mwaka wa masomo, yaani muda ule ule shule zilipofungwa, ni kama hawakusogea. Na wale ambao wazazi wao hawakusoma sana walipoteza zaidi, mpaka asilimia 60 zaidi ya wenzao. Kwahiyo kifaa kipo, mtandao upo, na bado mtoto wa nyumba isiyo na msaada anabaki nyuma. Kinachokosekana ni mtu wa kumjibu.

Ndo maana mfano naoupenda kuliko yote ni wa Botswana. Mwaka huo huo 2020 watafiti walichukua familia kama 4,500 wakazigawa: kundi moja likawa linapata meseji za hesabu kila wiki, meseji za kawaida kabisa zile za simu ya kitochi, kundi lingine likapata meseji pamoja na mwalimu kupiga simu dakika 15 hadi 20 kwa wiki, na kundi la tatu halikupewa kitu. Waliopigiwa simu walipanda kwenye hesabu. Meseji peke yake haikufua dafu. Dakika ishirini! Hakuna app hakuna bando.

Kwanini simu inafanya kazi? Chukua swali moja, 47 toa 29. Mtoto anakujibu 22. Programu ya kwenye tableti itamwekea alama ya kosa na kumletea swali lingine, basi. Mwalimu aliye kwenye simu akisikia "ishirini na mbili" anajua hapo hapo nini kimetokea: mtoto kaona 7 haitoi 9 akageuza, 9 toa 7 ni 2, 4 toa 2 ni 2. Anamwambia hebu nieleze ulivyofanya, mtoto anaeleza, wanarudi pamoja kwenye kukopa kumi, wanafanya mengine mawili, imeisha. Wiki ijayo anaanzia pale pale alipokwama, hata kama silabasi ya darasa lake iko mbali mbele. Hilo la kuanzia alipo mtoto ndo roho ya mambo yote, ukilikosa hata simu yenyewe inakuwa salamu tu.

Ila simu ina mambo yake. Shule impe mwalimu salio, wengi wanatoa mfukoni kimya kimya na baada ya wiki tatu wanaacha, na siwalaumu. Piga kwenye namba ya mzazi, spika iwe wazi na mtu mzima awepo, hii ni kwa usalama wa mtoto na wa mwalimu mwenyewe. Na kabla ya hesabu uliza kwanza mnaendeleaje, maana kuna siku jibu litakuwa baba kasimamishwa kazi au mtoto anaumwa, hapo hesabu inasubiri.

Redio nayo msiidharau. Sierra Leone ilivyofunga shule kwa sababu ya Ebola 2014 walirusha vipindi vya masomo redioni, na korona ilipokuja 2020 wakarudi kwenye njia hiyo hiyo. Tatizo la redio ni moja, haikusikii, kwahiyo ichanganye na simu: redio inafundisha, mwalimu anapiga kuuliza kilichoingia.

Kama lazima utumie intaneti, basi tumia kwa huruma. Video ya dakika kumi inakula bando kuliko lundo la sauti zilizorekodiwa, na picha ya ukurasa mmoja wa kitabu nayo ni nyepesi kuliko video. Usilazimishe kamera iwashwe, inamaliza data na pia kuna watoto hawataki darasa zima lione wanapolala. Muda wa kutuma kazi uwe siku kadhaa usiwe saa. Na zile tovuti zinazotangazwa kuwa za bure zijaribu mwenyewe kwanza kwa simu isiyo na salio, nyingi ukurasa ni bure lakini video iliyomo ndani inatoka sehemu nyingine, mzazi anashtukia bando limeisha.

Kwa wazazi, hasa mliokuwa mnaniambia "mimi sikusoma, nitamsaidia nini": haukuambiwa ufundishe. Mpe muda mmoja usiobadilika kila siku, mwambie akusomee kwa sauti, alafu muulize leo umejifunza nini, nieleze na mimi nielewe. Akikwama kueleza, hapo ndo pa kumwambia mwalimu wiki ijayo. Shule nayo isijitoe. Baada ya tetemeko la Pakistan 2005 shule karibu na eneo lile zilifungwa kama wiki 14, lakini miaka minne baadae watoto wa pale walikuwa nyuma kama mwaka mmoja na nusu, isipokuwa wale ambao mama zao walimaliza shule ya msingi. Tafsiri yangu: waliporudi darasani walifundishwa kama vile hakuna kilichotokea, na asiye na wa kumvuta nyumbani akazidi kuachwa. Kwahiyo siku ya kufungua pima kwanza kila mtoto yuko wapi, silabasi haikimbii.

Chakula pia. Mwaka 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilihesabu watoto milioni 370 waliokosa mlo wa shule. Kama shule inagawa chakula, weka na karatasi za kazi hapo hapo, za wiki mbili, mzazi akija tena analeta za zamani anachukua mpya. Ila zisahihishwe kweli, mtoto akiona karatasi zake hazirudi na wino wa mwalimu anaacha kuandika.

Kuna kitu cha kufanya sasa hivi kabla hakijatokea chochote. Pitia namba za wazazi kila mwanzo wa muhula, zinabadilika kuliko unavyodhani, na kila mtoto awe na namba ya pili ya jirani au ndugu. Asiyesikika wiki nzima apigiwe kabla hajageuka kuwa mfanyakazi wa mtu. Na hizo namba ziandike kwenye daftari la karatasi pia, maana siku umeme ukikatika ile faili ya kwenye kompyuta ya ofisi haifunguki.