Watu wa Maabara ya Ubongo na Magonjwa ya Akili: Dhana Potofu na Ukweli

Ukitaja maabara inayochunguza ubongo wa watu wenye skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo au aamini mambo yasiyo ya kweli) au sonona (huzuni nzito ya muda mrefu), wengi hufikiria mtu mwenye koti jeupe, kichwa kilichofungwa nyaya, na skrini inayotoa siri za moyoni. Wanaofanya kazi yenyewe hawamo katika fikra hiyo, na kwa kuwa hawajulikani, maneno mengi yasiyo ya kweli yamesemwa juu yao. Maneno hayo yana madhara. Huwatia hofu wagonjwa ambao wangependa kushiriki, na huwapa wengine tumaini ambalo hakuna mtu wa maabara aliyewaahidi.

Dhana: Wana mashine inayosoma mawazo

Dhana hii haikuzuka hivi hivi. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani, alianza na imani ya namna hiyohiyo. Akiwa kijana jeshini aliponea chupuchupu katika ajali ya farasi, na siku hiyohiyo telegramu ikaja kutoka nyumbani kumjulia hali, kwa sababu dada yake, aliyekuwa mbali, alishikwa na hofu kwamba kaka yake yumo hatarini. Berger aliamini kwamba hofu yake mwenyewe ndiyo iliyomfikia dada. Akatumia miaka mingi kutafuta nguvu ya mwilini inayoweza kubeba wazo. Mwaka 1924 alifaulu kunasa umeme wa ubongo wa binadamu, na mwaka 1929 akachapisha matokeo. Mawazo yanayosafiri hakuyapata. Alipata mawimbi, na kipimo chake ndicho EEG ya leo: kinaonyesha kama mtu amelala au yu macho, kinasaidia kutambua kifafa, na kinafuatilia kwa sehemu ndogo sana za sekunde jinsi ubongo unavyopokea sauti. Unawaza nini, hakisemi.

MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, nayo inapofuatilia utendaji wa ubongo, hupima mabadiliko ya damu yenye oksijeni, na mabadiliko hayo hufikia kilele sekunde kama 5 baada ya seli za neva kufanya kazi. Kila kijisehemu cha picha kina milimita 2 au 3 kila upande, na ndani yake mna mamia ya maelfu ya seli. Zile rangi nyekundu na njano ni ramani ya takwimu iliyopakwa rangi baada ya kazi ndefu ya kompyuta. Mwaka 2009 mtafiti wa ubongo Craig Bennett na wenzake walimweka samaki samoni aliyekufa ndani ya MRI, wakamwonyesha picha za watu, na hesabu za ovyo zikaonyesha "shughuli" kichwani mwa samaki. Hesabu ziliposahihishwa inavyotakiwa, shughuli hiyo ilitoweka. Ukipima maelfu ya vijisehemu kwa mpigo, ni kama kutupa wavu mpana baharini: bahati peke yake itakuletea kitu.

Kweli, mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walionyesha programu inayokisia maana ya hadithi ambayo mtu anaisikiliza akiwa ndani ya mashine. Ilihitaji saa 16 za kujifunza ubongo wa mtu huyohuyo, kwa hiari yake, na mtu alipoamua kuwaza mambo mengine ilishindwa.

Dhana: Mashine ndiyo inayotambua ugonjwa, watu wanabonyeza vitufe tu

Katika dhana zote, hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu inafuta kazi iliyo ngumu kuliko zote mle ndani.

Hadi leo hakuna picha ya ubongo wala kipimo cha damu kinachotumika hospitalini kuthibitisha kwamba mtu ana sonona, skizofrenia au ugonjwa wa baipola (hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi). Vipimo husaidia kuondoa sababu nyingine, kama uvimbe au hitilafu ya tezi. Ugonjwa wenyewe hutambuliwa kwa mazungumzo. Kwa hiyo kila picha ya gharama kubwa inayopigwa maabara inategemea mahojiano yaliyotangulia. Mhojaji akikosea kuelewa, mtakwimu atachambua kosa hilo kwa ustadi mkubwa na hakuna atakayejua.

Ndiyo maana wahojaji hufundishwa kwa muda mrefu. Chukua kipimo kiitwacho PANSS, kilichochapishwa mwaka 1987 kwa ajili ya dalili za skizofrenia. Kina vipengele 30, na kila kimoja hupewa alama 1 hadi 7. Kabla ya kuruhusiwa kuketi na mshiriki, mhojaji hutazama video za mahojiano, hutoa alama zake, kisha zinalinganishwa na za wenzake waliotazama video ileile. Wakiachana mno, wanarudi kujadiliana: je, mtu huyu anashuku majirani kwa sababu ya ugonjwa, au ana majirani wabaya kweli? Swali hilo halina kitufe cha kubonyeza.

Katika majaribio ya dawa mambo huzidi ugumu. Mhojaji hatakiwi kujua nani amepewa dawa na nani amepewa plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kiambato, na washiriki huombwa wasimwambie wanachohisi kuwa wamepewa. Kwa ketamini, dawa ya usingizi inayochunguzwa kama tiba ya sonona sugu, siri hiyo haifichiki kirahisi. Aliyeipata huweza kujihisi kana kwamba ametengana na mwili wake, na anajua mara moja kwamba yale hayakuwa maji ya chumvi.

Halafu kuna swali la tisa. Dodoso la PHQ-9, linalotumika sana kupima sonona, lina maswali tisa, na la mwisho linauliza kama mtu amekuwa akiona ni heri afe, au akifikiria kujidhuru. Anayeuliza mara nyingi ni msaidizi wa utafiti, kijana aliyemaliza shahada ya kwanza juzijuzi. Yeye ndiye wa kwanza kusikia jibu "karibu kila siku". Hapo ratiba ya utafiti husimama. Kuna utaratibu ulioandikwa na aliofanyia mazoezi: anauliza waziwazi kama kuna mpango, kama njia ya kujidhuru iko karibu, anamwita daktari aliyewekwa kwa ajili hiyo, na hamwachi mshiriki aondoke peke yake. Kuuliza kwa upole hakumtii mtu wazo hilo kichwani, tofauti na wengi wanavyoogopa. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulisema. Baada ya hapo kijana yule naye anahitaji mtu wa kuzungumza naye. Maabara zenye uongozi mzuri humpangia msimamizi wa kumsikiliza. Ambazo hazifanyi hivyo zinamwonea, na sioni neno jepesi zaidi la kutumia.

Dhana: Wote ni madaktari

Baadhi tu. Mtafiti mkuu anaweza kuwa daktari wa magonjwa ya akili, lakini pia mwanasaikolojia, mwanabiolojia au mwanafizikia. Chini yake kuna watafiti wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi, wahandisi wa kompyuta, watakwimu, wauguzi, watunza wanyama, na mratibu wa utafiti. Huyu wa mwisho ndiye ningependa ajulikane zaidi. Yeye ndiye hupiga simu kukumbusha miadi, hutafuta usafiri wa mshiriki, huhakikisha fomu sahihi imetiwa saini, na humfahamu mama wa mshiriki kwa jina. Jina lake mwenyewe mara nyingi halimo katika makala ya kisayansi inayochapishwa.

Na kuna fundi wa MRI. Sumaku yenye nguvu ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) haizimwi usiku wala mchana, kwa hiyo kazi yake ya kwanza ni kuuliza, na kuuliza tena, kama mtu ana betri ya moyo, kipande cha chuma jichoni au risasi iliyobaki mwilini. Kelele za mashine hupita desibeli 100. Sasa fikiria unamwingiza humo mtu anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anayeamini kuwa anafuatiliwa. Fundi mzuri humsikilizisha kelele hizo kabla, humpa kitufe cha kuita msaada, na kati ya picha na picha huzungumza naye kupitia spika: zimebaki dakika nne, unaendeleaje? Mshiriki akitikisa kichwa milimita chache tu, picha inaweza kuharibika. Utulivu wa fundi ni sehemu ya ubora wa data.

Hata madaktari waliomo humo si lazima wachunguze binadamu. Eric Kandel alisomea udaktari wa magonjwa ya akili, kisha akatumia miaka mingi kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia, mwenye seli za neva zipatazo 20,000, ilhali ubongo wa binadamu una takriban bilioni 86. Kupitia kiumbe huyo alionyesha jinsi kumbukumbu inavyobadilisha miunganiko ya seli, na mwaka 2000 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Dhana: Ukishiriki, watakuambia una tatizo gani na watakutibu

Utafiti na matibabu ni kazi mbili. Daktari wako huchagua dawa kwa kukutazama wewe. Utafiti hufuata mpango ulioandikwa kabla hujafika, na katika majaribio mengi kura ya kompyuta ndiyo huamua utapewa nini. Daktari wa magonjwa ya akili Paul Appelbaum na wenzake waliligusa jambo hili mwaka 1982, walipowachunguza wagonjwa wa akili walioshiriki tafiti: wengi, hata baada ya kuelezwa, waliendelea kuamini kwamba kila kitu kimepangwa kwa faida yao binafsi.

Simlaumu mgonjwa kwa hilo. Mtu aliyeteseka miaka, akahudumiwa na mtu mwenye adabu na muda wa kumsikiliza, atafanya nini zaidi ya kutumaini? Jukumu la kusema ukweli liko kwa aliyeshika fomu. Picha yako ya MRI ya utafiti haitasema kama sonona yako itapona. Ikionyesha kitu cha kutia shaka, kama uvimbe, maabara nyingi zina utaratibu wa kuipeleka kwa mtaalamu na kukujulisha. Uliza kuhusu utaratibu huo kabla ya kutia saini.

Dhana: Wagonjwa hugeuzwa panya wa majaribio

Hofu hii ina historia, na anayeikejeli hajaisoma historia hiyo. Daktari Egas Moniz wa Ureno alianzisha upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu ya mbele ya ubongo mwaka 1935, akapewa Nobel mwaka 1949, na maelfu ya watu duniani wakakatwa, wengi bila ridhaa ya maana. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 lilitungwa na Chama cha Madaktari Duniani ili ustawi wa mtu utangulie maslahi ya sayansi.

Leo mpango wa utafiti hupita kwanza kwenye kamati ya maadili. Mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida hayapaswi kuguswa. Kuwa na skizofrenia hakumnyimi mtu uwezo wa kuamua; mhojaji humwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa, na asipoelewa, hasajiliwi siku hiyo. Kanuni kwenye karatasi hazitoshi bila watu wa kuzisimamia, ndiyo maana fomu huwa na namba ya simu ya kamati yenyewe. Itumie.

Dhana: Bongo za marehemu huchukuliwa kwa siri

Benki za ubongo zipo, na zinapokea kwa ridhaa. Iliyoko Hospitali ya McLean, Massachusetts, Marekani, ilianzishwa mwaka 1978. Kazi yake inaendeshwa kwa simu zaidi kuliko kwa visu. Tishu huharibika haraka, hivyo mazungumzo na familia hufanyika saa chache tu baada ya kifo, na baadaye ndugu huombwa kusimulia maisha na ugonjwa wa marehemu, kwa sababu ubongo bila simulizi hauna mengi ya kufundisha. Wanaopiga simu hizo wanastahili heshima kubwa.

Dhana: Wanatafuta kemikali moja iliyopungua

Mapitio ya tafiti yaliyoongozwa na daktari wa magonjwa ya akili Joanna Moncrieff na kuchapishwa mwaka 2022 hayakupata ushahidi thabiti kwamba sonona husababishwa na upungufu wa serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo. Hilo ni swali tofauti na kama dawa humsaidia mgonjwa, na si sababu ya mtu kuacha dawa zake bila daktari. Katika skizofrenia, uchambuzi mkubwa wa jeni wa mwaka huohuo, uliohusisha wagonjwa 76,755, ulikuta maeneo 287 ya jeni yenye uhusiano na ugonjwa, kila moja likichangia kidogo sana. Mwaka 2022 pia mtafiti Scott Marek na wenzake, kwa data za watu wapatao 50,000, walionyesha kwamba kuhusisha tofauti za ubongo na tabia za watu kwa uhakika kunahitaji maelfu ya washiriki. Tafiti za watu 20 au 30 zilikuwa zimezoeleka. Ndiyo maana siku hizi maabara huunganisha data zao, na msimamizi wa data amekuwa mtu muhimu kuliko zamani.

Dhana: Anayefanya kazi hiyo hajawahi kuugua

Kay Redfield Jamison, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na mmoja wa wabobezi wa ugonjwa wa baipola, alitangaza hadharani mwaka 1995 kwamba anao. Marsha Linehan, aliyebuni DBT, tiba ya mazungumzo na mazoezi ya kudhibiti hisia, kwa watu wenye mawazo sugu ya kujiua, alisema mwaka 2011 kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili akiwa na miaka 17. Walioficha ni wengi kuliko waliosema, maana unyanyapaa umo hata ndani ya taaluma.

Siku hizi baadhi ya maabara huwaajiri watu waliopitia ugonjwa kama washauri wa utafiti, kwa malipo. Wanasoma dodoso na kusema swali gani linadhalilisha, miadi ipi imepangwa mapema mno asubuhi kwa mtu anayetumia dawa za kuleta usingizi, na matokeo gani wagonjwa wenyewe wanayataka yapimwe: kulala vizuri, kurudi kazini, kuzungumza na mtoto bila kukasirika.