Maana ya kuhamisha funksheni inayojiita kutoka Python kwenda Java

Funksheni ni kipande cha programu chenye jina lake. Inayojiita hufanya kazi kwa kujiita yenyewe juu ya kipande kidogo zaidi cha kazi ileile, mpaka ifike kipande ambacho jibu lake linajulikana bila kuita tena. Kuihamisha maana yake ni mambo mawili: kuandika upya pale inaposimama na pale inapojiita, halafu kuhakikisha kwamba lugha mpya ya programu inakufanyia yale ambayo ya zamani ilikufanyia bila wewe kuomba. La kwanza ni la dakika chache. La pili ndilo linalokesha watu.

Chukua mauzo ya korosho, kitu ambacho mtu wa Mtwara au Lindi haelezwi. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika. AMCOS ziko chini ya chama kikuu, kama TANECU kwa Tandahimba na Newala, au RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Ukitaka thamani ya mzigo wa chama kikuu, unajumlisha thamani ya kila AMCOS iliyo chini yake. Ukitaka ya mkoa, unajumlisha vyama vikuu. Swali ni lilelile kila ngazi, kwa hiyo funksheni moja inatosha. Kwa Python, k ikiwa kituo chochote (AMCOS, chama kikuu au mkoa) na matawi yakiwa vituo vilivyo chini yake:

```
def thamani(k):
    if not k.matawi:
        return k.kilo * k.bei
    return sum(thamani(t) for t in k.matawi)
```

Kwa Java, ukifuata mstari kwa mstari:

```
int thamani(Kituo k) {
    if (k.matawi.isEmpty()) return k.kilo * k.bei;
    int jumla = 0;
    for (Kituo t : k.matawi) jumla += thamani(t);
    return jumla;
}
```

Ukizilinganisha kwa macho, hakuna kilichopotea. Sasa zipe AMCOS tatu, kila moja kilo 200,000 kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000. Kila AMCOS ina milioni 600, jumla bilioni 1.8, na lugha zote mbili zinakubaliana. Ongeza AMCOS ya nne. Python inajibu 2,400,000,000. Java inajibu -1,894,967,296, bila kosa wala onyo. Yaani chama kimeuza korosho msimu mzima kikaishia kudaiwa.

Sababu ni kwamba int, aina ya namba kamili tuliyotumia kwenye Java, ina biti 32 na ukomo wake ni 2,147,483,647. Ikivuka hapo inazungukia upande wa hasi. Namba kamili za Python hukua kadiri kumbukumbu ya mashine inavyoruhusu. Kwa anayehesabu dola, ukomo huo uko mbali. Kwa anayehesabu shilingi, uko karibu mno.

Dawa ni long, aina ya namba kamili yenye biti 64, lakini iwekwe kila inapohitajika. Ukibadilisha aina inayorudishwa tu, jumla ikabaki int, Java hailalamiki: alama ya += huibana namba irudi kuwa int kimyakimya. Ungeandika jumla = jumla + thamani(t), kompaila (programu inayotafsiri msimbo kabla haujaendeshwa) ingekataa palepale, na ndiyo maana kwenye kazi ya fedha naona heri kuandika kwa urefu. Halafu kuna kilo na bei. Zote zikiwa int, kuzidisha kunafanyika kwa int kwanza, kupanuliwa kuwa long kunakuja baadaye, namba ikiwa imeshaharibika. Angalau mojawapo iwe long.

Kuna pia suala la kina. Kila mwito unaosubiri jibu hukalia nafasi kwenye steki, sehemu ya kumbukumbu inayotunza miito ambayo haijamalizika. Python kwa kawaida hukatiza miito ikikaribia 1,000. Java haina idadi maalumu, inategemea ukubwa wa steki na wa kila mwito. Mti wetu wa ushirika una ngazi chache tu, haugusi huko. Lakini funksheni inayopita kwenye orodha ndefu ya stakabadhi moja baada ya nyingine kwa kujiita itaangukia hapo. Anayetoka Scheme, lugha nyingine ya programu, aangalie zaidi: viwango vya Scheme vinataka mwito wa mwisho usiongeze steki, jambo ambalo Python na Java hazifanyi. Hapo usihamishe umbo, geuza iwe kitanzi (loop), inayorudia kazi bila kujiita.

Kugawanya namba kamili nako kuna tofauti, ila kwa namba hasi: -7 // 2 kwa Python ni -4, na -7 / 2 kwa Java ni -3.

Mwisho, jaribu zote mbili na chama kikuu ambacho hakijaingiziwa AMCOS hata moja. Kwa kuwa hakina matawi, funksheni itakidhania kuwa AMCOS. Upande wa Python, kilo na bei zikiwa None, yaani hazina thamani yoyote, programu itasimama na kosa. Upande wa Java, sehemu ya int isiyopewa thamani huwa sifuri, kwa hiyo utapata 0 na ripoti itaendelea kuchapishwa. Mimi ningeongeza kwenye Java sharti la kukataa chama kikuu kitupu, hata kama kwenye Python halikuandikwa popote.