Yuriki asidi sio habari ya nyama choma peke yake

Jamani wenye presha, tuliweke sawa hili. Mtu akipima yuriki asidi, ile taka ya mwili iliyomo kwenye damu, ikatoka juu anaambiwa tu "acha nyama nyekundu", na kama kidole gumba cha mguu hakimuumi kwa gauti, ule ugonjwa wa viungo unaoletwa na yuriki asidi, anaona haimhusu, karatasi ya maabara inakunjwa inawekwa kabatini. Sio hivyo. Sehemu kubwa ya yuriki asidi inatengenezwa na mwili wenyewe, seli zikichakaa purini zake, yaani kemikali zilizomo ndani yake, zinavunjwavunjwa na kuwa yuriki asidi, halafu kama theluthi mbili inatolewa na figo. Sasa presha ikiibana figo utoaji unapungua, inabaki kwenye damu. Soda na bia nazo zinaipandisha, hata kama nyama hujagusa wiki nzima.

Dawa pia. Haidroklorotiazaidi, ile ya kukojoza, inaipandisha, wakati losartani, dawa nyingine ya presha, inaishusha kidogo. Ila usiache dawa kienyeji, ongea na daktari wako kwanza, nakuomba sana.

Na kuna ule moto wa chinichini kwenye mishipa, yaani inflamesheni, ambao hauumi wala hauleti homa. Yuriki asidi ikiwa juu mara nyingi na CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha moto huo, kinakuwa kimepanda kidogo, vinatembea pamoja na kitambi, sukari na figo kuchoka. Lakini kutembea pamoja sio kusababisha: mwaka 2022 utafiti wa ALL-HEART Uingereza uliwapa alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki asidi, wagonjwa wa moyo wa miaka 60 kwenda juu wasio na gauti, na haikupunguza shambulio la moyo wala kiharusi. Kwa hiyo usijinunulie alopurinoli famasi.