Rais wa 1963 hakuwapo

Kila Jamhuri Dei, sisi tuliobaki Nairobi kwa sababu nauli ya kwenda ocha, yaani kijijini kwetu, bado inatafutwa hukutana Kenyatta Market kula nyama choma. Mwaka jana, kachumbari ikiwa bado inakatwa, shemeji yangu aliweka dau la kilo nzima ya mbuzi: kwamba Mzee Kenyatta aliapishwa kuwa rais usiku ule ule bendera ilipopandishwa, 1963. Nilimpa mkono kabla hajabadilisha nia.

Usiku ule Kenyatta alikuwa Waziri Mkuu. Mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth wa Pili. Ndiyo, huyo huyo. Kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ilikuwa nchi huru, lakini kwa mwaka mzima ikawa na malkia anayekaa London na kuwakilishwa hapa na Gavana Mkuu, Malcolm MacDonald, ambaye jana yake tu alikuwa gavana wa koloni. Rais tulimpata tarehe 12 Desemba 1964, nchi ilipogeuka jamhuri, Jaramogi Oginga Odinga akawa makamu wake. Ndiyo maana sikukuu inaitwa Jamhuri. Tarehe moja imebebeshwa mizigo miwili iliyopishana mwaka. Jirani zetu wa Tanganyika walipita njia hiyo hiyo: uhuru 9 Desemba 1961, jamhuri 9 Desemba 1962. Tofauti ni kwamba wao sikukuu yao waliiachia jina la Uhuru.

Shemeji akarudi nyuma hatua moja. "Sawa, basi uhuru tulipata Juni Mosi, Madaraka."

Hapana pia, ingawa hapa simlaumu sana, maana hata wanaosoma hotuba uwanjani huzichanganya. Mei 1963 kulikuwa na uchaguzi, chama cha Kenyatta, KANU, kikashinda, na tarehe 1 Juni Kenyatta akaunda serikali. Ilikuwa serikali ya mambo ya ndani. Ulinzi na mambo ya nchi za kigeni vilibaki mikononi mwa Mwingereza kwa miezi sita mingine. Neno lenyewe linasema wazi: tulipewa madaraka, na mwenye kuyatoa alikuwa bado nyumbani.

Hata baada ya Desemba hakuondoka mara moja. Januari 1964, wiki sita baada ya sherehe, askari wa kambi ya Lanet, Nakuru, waliasi, na waliokwenda kuwatuliza ni wanajeshi wa Uingereza waliokuwa bado nchini. Na mfukoni, Mkenya huru aliendelea kutumia shilingi ya Afrika Mashariki hadi 1966, Benki Kuu ilipotoa shilingi ya Kenya.

Kuna kosa lingine ambalo ni la watu wa Nairobi hasa. Uliza kumi katikati ya mji bendera ilipandishwa wapi, na wengi watakuonyesha Uhuru Park. Bustani hiyo ilifunguliwa 1969. Bendera ya Mwingereza ilishushwa, na yetu ikapanda usiku wa manane, Uhuru Gardens, kando ya barabara ya Lang'ata, mbele ya Prince Philip, mume wa Malkia. Ukipanda matatu ya Rongai unapita pale, na pengine huinui hata kichwa kutoka kwenye simu. Pana mti wa mugumo unaotambulisha mahali penyewe. Miaka ya hali ya hatari, Mwingereza alipokuwa akipigana na Mau Mau, wapiganaji wa uhuru wa msituni, uwanja huo ulikuwa kambi ya kufungia watu. Hilo ndilo ningependa watoto wa shule waambiwe wanapopelekwa kutembea huko, kabla ya soda na mandazi.

Kuhusu 20 Oktoba, Siku ya Mashujaa, nimesikia mara nyingi kwamba ni siku aliyokufa Kimathi, kiongozi wa Mau Mau. Hiyo ni tarehe ya mwaka 1952, Gavana Evelyn Baring alipotangaza hali ya hatari na Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba wakakamatwa, kisha wakashtakiwa Kapenguria. Iliitwa Kenyatta Day mpaka katiba ya 2010 ilipoigeuza kuwa ya mashujaa wote. Dedan Kimathi alikamatwa 21 Oktoba 1956, akanyongwa gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Sanamu yake iliwekwa kwenye mtaa wenye jina lake siku ya kutimiza miaka 50 tangu anyongwe.

Na hapa ndipo mazungumzo yetu yalipochacha. Meza ilikuwa imegawanyika: upande mmoja ukisema uhuru uliletwa na msitu, mwingine ukisema uliletwa na makoti na tai kule Lancaster House, London, kwenye mazungumzo na Mwingereza. Kijeshi, Mau Mau walikuwa wamevunjwa nguvu kufikia 1956, na hali ya hatari ikaondolewa Januari 1960, mwezi ule ule mkutano wa kwanza wa Lancaster House ulipoanza. Mimi huziona hizo kuwa kazi mbili za shamba moja. Vita vilimfanya Mwingereza aone koloni hili ni gharama, na mazungumzo yakampa mlango wa kutokea. Kinachonikera ni kitu kingine. Mau Mau walipigwa marufuku na serikali ya kikoloni mwaka 1950. Marufuku hiyo iliondolewa 2003. Kwa miaka 40 ya Kenya huru, tukiimba mashujaa kila sikukuu, mzee aliyetoka msituni alikuwa kisheria mwanachama wa chama haramu.

Mhudumu, kijana wa Mombasa, alikuwa akisikiliza huku akipanga ugali. Akatukumbusha jambo ambalo sisi wa bara hulisahau kabisa: Kenya haikuwa koloni lote. Ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, Mwingereza akiuendesha kwa niaba yake, ndiyo maana jina rasmi lilikuwa koloni pamoja na himaya. Walikuwapo wapwani waliotaka ukanda huo ujitenge. Oktoba 1963 Sultani alikubali kuuachia Kenya, na Zanzibar yenyewe ikapata uhuru 10 Desemba, siku mbili kabla yetu. "Na wimbo wa taifa," akaongeza, "msije mkasema ni wa Mzungu. Sauti yake ni ya bembelezi la Wapokomo, Tana River."

Shemeji alilipa ile kilo. Ya pili tulimnunulia kijana.