Je, wajua kwa nini kulanti haichaguliwi kwa rangi?

Ukiingia duka la vipuri Kariakoo kununua kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, aghalabu muuzaji atakuuliza: nyekundu au ya kijani? Swali hilo limezoeleka, ilhali rangi hutiwa kiwandani ili mvujo uonekane upesi na bidhaa zitofautiane, wala hakuna kanuni ya kimataifa inayomlazimu mtengenezaji kutumia rangi fulani kwa kemikali fulani. Kulanti mbili za kijani zinaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa.

Kulanti nyingi huwa na maji, ethilini glikoli na dawa za kuzuia kutu. Glikoli ikichanganywa nusu kwa nusu na maji huzuia kuganda hadi takribani nyuzi 37 chini ya sifuri, baridi ambayo Dar es Salaam haitaiona, na ndiyo maana wengi husema maji ya bomba yanatosha. Hata katika kuzuia kuchemka, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na kifuniko cha rejeta, kwa kubana shinikizo ndani: chenye alama ya 1.1 (kipimo cha shinikizo hilo) hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu, usawa wa bahari, kutoka nyuzi 100 hadi karibu 121, na glikoli huongeza nyuzi chache tu juu ya hapo. Nairobi, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kifuniko kilicholegea ni hatari zaidi.

Wanaotetea maji matupu husahau kutu. Ndani ya injini maji ya moto hupita kwenye alumini, chuma na mipira kwa wakati mmoja, na maji ya kisima yenye chumvi hutoboa alumini taratibu, huku maji magumu yakiacha magamba kama yale ya ndani ya birika la chai. Fungua kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa, upitishe kidole chini yake: ukikuta tope la rangi ya udongo, dawa zilikwisha zamani au hazikuwahi kuwekwa.

Dawa hizo ndizo zinazotofautisha kulanti. Zile za kizamani, zenye silikati, hujenga utando haraka juu ya chuma lakini huisha baada ya miaka 2 hivi; zenye asidi za kikaboni hufanya kazi polepole na hudumu miaka 5 au zaidi. Watengenezaji wa Japani kwa kawaida huongeza fosfati na kuepuka silikati, kwa kuhofia sili (vizuizi vya mvujo) za pampu ya maji, ilhali wa Ulaya waliikwepa fosfati kwa sababu maji yao magumu huifanya igande kuwa magamba. Kwa hiyo mwenye Vitz au Noah atafute kulanti ya asidi za kikaboni yenye fosfati na isiyo na silikati, na mwenye Volkswagen afuate namba ya kiwango iliyo kwenye kitabu cha gari. Ya waridi ya Toyota, ambayo huuzwa ikiwa imeshachanganywa, kwa magari mengi hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, kisha kila kilomita 80,000. Usiiongeze maji tena. Fundi anayefanya hivyo anapunguza dawa uliyoilipia.

Ile inayouzwa nzito ichanganywe na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kama maji ya betri (si asidi ya betri, tafadhali). Kuimimina bila maji si kuiongezea nguvu, kwa kuwa glikoli hubeba joto kidogo kuliko maji. Tena ni sumu yenye ladha tamu, basi isiachwe wazi kwenye beseni penye watoto au mbwa.

Gari la mtumba likifika na hujui kilichomo, usikisie kwa rangi. Mwaga yote, suuza kwa maji yaliyotoneshwa hadi yatoke meupe, kisha jaza aina moja, maana aina mbili zisizopatana zikikutana hupoteza uimara wake na wakati mwingine huganda kama uji. Likichemsha njiani Chalinze na huna kulanti, subiri injini ipoe, ongeza maji safi ya kunywa ufike, na ukishafika mfumo wote ubadilishwe.