Ndururu, Otonglo na Shilingi ya Simba: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kwenye maboma mengi, kuanzia Nakuru hadi Kisumu na kupanda Kakamega na Bungoma, hakukosi kopo kuukuu la majani chai. Ndani mna vifungo, funguo ambazo kufuli zake zilipotea zamani, na sarafu ambazo nyanya alikataa kuzitupa. Kopo likifunguliwa, aghalabu wakati wa kugawana vitu vya marehemu, maneno huanza. Kuna sonara mjini anazinunua kwa milioni. Kuna mzungu anazitafuta kwa sababu ya madini. Jirani wa binamu ya fulani alijenga nyumba ya mawe kwa ndururu tatu tu. Nyumba yenyewe hakuna aliyewahi kuonyeshwa.

“Zile zenye tundu zina madini ya siri”

Hizi ndizo nyingi zaidi kwenye makopo: senti 1, ndururu ya senti 5 na otonglo ya senti 10, zenye pembe za ndovu upande mmoja na tundu katikati. Zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1919 na kuendeshwa kutoka London, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 hadi 1964. Karibu zote ni za bronzi, yaani shaba zaidi ya asilimia 90 iliyochanganywa na bati na zinki kidogo. Hazina dhahabu, hazina fedha, na hazina “zebaki nyekundu” ambayo vijana wa madalali huitaja kwa sauti ya chini.

Zebaki nyekundu ni uzushi uliokwisha kuzunguka dunia. Mwaka 2009 ulifika Saudi Arabia, watu wakalipa maelfu ya riali kununua cherehani za Singer za zamani wakiamini imo ndani yake. Haikuwamo. Huku kwetu uzushi huohuo umehamia kwenye rupia na senti.

Tundu nalo halikutobolewa ili “kutoa kitu”. Sarafu ilitoka kiwandani ikiwa nalo. Lilipunguza shaba iliyotumika, likamwezesha mtu kuzitunga kwenye kamba na kuzifunga kiunoni kwenda sokoni, na pia likasaidia kuzitofautisha kwa kupapasa gizani.

Thamani ya shaba yake kila mtu anaweza kuipiga hesabu mwenyewe. Otonglo ina gramu 9 hadi 11 hivi kutegemea mwaka, kwa hiyo kilo moja inataka takriban mia moja. Ukizipeleka kwa mtu wa skrap atazipima pamoja na nyaya na mabomba ya zamani, kwa bei ileile ya shaba chakavu. Otonglo moja haikununulii mkate. Mkusanyaji wa sarafu anaweza kukupa zaidi ya hapo, ila si kwa sababu ya shaba.

“Nyeupe zote ni fedha”

Hapa ndipo watu hupoteza pesa, tena kwa pande mbili: wengine huuza fedha halisi kama chuma, wengine hufungia nikeli sandukuni wakidhani ni fedha.

Shilingi ya simba, yule anayesimama mbele ya milima, kwa maoni yangu ndiyo sarafu nzuri kuliko zote zilizowahi kupita mikononi mwa watu huku. Lakini si kila shilingi ya simba ni ya fedha. Za 1921 hadi 1925 na za 1937 hadi 1946 zina fedha robo tu, asilimia 25. Sehemu iliyobaki ni madini ya bei nafuu. Za 1948 hadi 1952 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Tofauti utaiona kwenye mwaka, na pia kwenye maandishi: baada ya India kupata uhuru 1947, maneno ya kumtaja George VI kuwa mfalme mkuu wa India yaliondolewa. Thumuni, yaani senti 50, zimefuata mkondo huohuo: za zamani zina fedha robo, na kuanzia 1948 hazina.

Shilingi moja ya fedha ina uzito wa gramu 7.78. Robo yake ni gramu 1.94, na hiyo ndiyo fedha yote iliyomo. Wakia moja ya masonara ni gramu 31.1, kwa hiyo inahitaji shilingi kumi na sita. Basi ukitaka kujua fedha ya shilingi yako inafikia wapi, tafuta bei ya wakia ya fedha siku hiyo, igawe kwa 16. Sonara atakupa chini ya hapo, na ana haki, maana kuitoa fedha kwenye mchanganyiko ambao robo tatu yake ni kitu kingine ni kazi na gharama.

Sasa linganisha na rupia ya India. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, Desemba 1901, na waliojenga reli walilipwa kwa rupia. Kodi ya nyumba ilidaiwa kwa rupia, biashara ya maduka ikaenda kwa rupia. Ndiyo maana hadi leo rupia zenye sura ya Malkia Victoria, Edward VII au George V hutokea kwenye masanduku ya wazee wa Nyanza, nyingine zikiwa zimetobolewa na kuvaliwa shingoni. Rupia ya kabla ya 1940 ina gramu 11.66, na sehemu kumi na moja kati ya kumi na mbili ni fedha. Hiyo ni karibu gramu 10.7 za fedha kwenye sarafu moja, zaidi ya shilingi tano za simba zikiwekwa pamoja. Cha ajabu ni kwamba kwenye kopo hilohilo familia hugombania shilingi ya simba, na rupia iliyochakaa anapewa mtoto achezee.

Shilingi za Kenya zenye sura ya Mzee Kenyatta, zilizoanza 1966, hazimo kabisa kwenye hesabu hii. Ni shaba na nikeli, hata zing’ae vipi. Dhahabu ya Kenyatta ipo, lakini ni zile sarafu za shilingi 100, 250 na 500 zilizotolewa 1966 kuadhimisha miaka yake 75. Hakuna aliyewahi kununulia sukari kwa sarafu hizo.

“Sumaku ikiishika, ina kitu”

Ni kinyume. Shaba, bronzi, fedha, na mchanganyiko wa shaba na nikeli wa sarafu zetu za zamani havishikwi na sumaku. Zinazoshikwa ni zile za chuma cha pua kilichopakwa madini mengine juu, kwa mfano shilingi za njano za miaka ya 1990. Ndizo za bei rahisi kupita zote kwenye kopo.

“Ndururu ya 1936 ni ya mfalme aliyejiuzulu, kwa hiyo ni milioni”

Uvumi huu una mguu mmoja kwenye ukweli, na ndiyo sababu hauishi. Edward VIII alirithi ufalme Januari 1936 na kuuacha Desemba mwaka huohuo. Sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa umma. Zilizobaki ni za majaribio, na moja ya dhahabu ilinunuliwa kwa pauni milioni 1 mwaka 2020. Habari hiyo ilienea, watu wakafungua makopo, wakakuta EDWARDVS VIII kwenye ndururu na otonglo. Moyo ukadunda.

Lakini sarafu yenye tundu katikati haina nafasi ya sura. Ilihitaji jina tu, na viwanda vilianza kuzipiga chapa mapema, kwa wingi, zikasafirishwa Afrika Mashariki na kutumika miaka mingi baada ya mwenyewe kuondoka. Mkusanyaji anazipenda kwa sababu ni njia rahisi ya kupata jina la mfalme yule. Urahisi huo ndio unaoshikilia bei chini: nyingi huuzwa kwa dola chache tu, na iliyochakaa hata chini ya hapo.

Ukiwa nayo, angalia herufi ndogo. H ni ya kiwanda cha Heaton, Birmingham. KN ni ya King’s Norton, pia Birmingham. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nyingine zilitengenezwa India na kuwekwa I, nyingine Afrika Kusini zikawekwa SA. Mwaka uleule wenye herufi tofauti unaweza kuwa na bei tofauti, na hilo ni jambo ambalo mnunuzi mjanja hatakuambia.

“Kadiri ilivyo ya kale ndivyo ilivyo ghali”

Kuna sarafu za shaba za Roma zenye miaka zaidi ya 1,600 zinazouzwa kwa bei ya chakula cha mchana. Zilitengenezwa nyingi mno, na nyingi zinaendelea kufukuliwa. Kinachopandisha bei ni uchache wa zilizobaki, hali yake, na idadi ya watu wanaozitaka.

Mfano wa hapa kwetu ni senti 1 ya alumini ya 1907 na 1908, pamoja na nusu senti ya 1908. Zilikuwa miongoni mwa sarafu za kwanza kabisa za alumini kutumika popote duniani, na hazikufaulu. Jasho na hewa yenye chumvi viliziharibu, na kufikia 1909 zikabadilishwa kuwa za shaba na nikeli. Kwa hiyo iliyosalia ikiwa safi ni nadra. Ukiishika ni nyepesi kama kifuniko cha soda, ya kijivu, haina mng’ao, na ndiyo mtu huitupa kwanza akisafisha kopo. Florini ya 1920 nayo iko kwenye kundi hili. Ilidumu muda mfupi tu kabla ya shilingi kuipokonya nafasi, na huonekana mara chache kuliko shilingi ya simba.

“Isugue kwanza ing’ae”

Usiisugue. Majivu, ndimu, dawa ya meno, steelwool: vyote vinaondoa ngozi ya juu ambayo mkusanyaji anailipia. Ile rangi ya kahawia ya bronzi iliyokaa miaka themanini si uchafu. Sarafu iliyosuguliwa huonekana mara moja chini ya kioo cha kukuza, na bei yake huporomoka hata kama mwaka ni mzuri. Matope yanaweza kuondolewa kwa maji ya kawaida, ikauke yenyewe. Basi.

“Za Moi na Kibaki sasa zitakuwa adimu”

Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa za Kenya, na Desemba 2018 zikaja sarafu za twiga, kifaru, simba na ndovu. Baadhi ya watu wakaanza kuficha za zamani. Zilitengenezwa nyingi sana, na hazikufutwa kwa ujio wa mpya. Hata shilingi 40 ya 2003, iliyotolewa kwa miaka arobaini ya uhuru na ambayo hutangazwa mtandaoni kama hazina, ilitolewa kwa matumizi ya kawaida. Ukitaka ya Kenya yenye mvuto kidogo, tafuta senti 25 na shilingi 2 za enzi ya Kenyatta, ambazo hazikutengenezwa kwa miaka mingi, au ile shilingi 5 ya 1973 yenye pembe tisa.

“Bei iko wazi mtandaoni”

Iliyo wazi ni bei anayoomba muuzaji. Mtu yeyote anaweza kuweka ndururu kwa dola 50,000 na ikakaa hapo hadi kiama. Bei ya maana ni ile sarafu kama hiyo, mwaka huo, hali hiyo, iliyouzwa kweli. Tovuti za minada huonyesha mauzo yaliyokamilika, na hapo ndipo pa kuangalia.

Halafu kuna wanaojiita wanunuzi. Anataka picha, anasifu, anatamka milioni, kisha anaomba elfu mbili kwa M-Pesa ya “usajili” au ya “cheti cha madini”. Mnunuzi halisi ndiye anayetoa pesa. Wengine huongeza kwamba wanatumwa na Benki Kuu. Benki Kuu ya Kenya ina tawi Kisumu na kituo Nakuru, lakini kazi yake ni pesa zinazotumika, kwa thamani iliyoandikwa juu yake. Shilingi na senti za Afrika Mashariki zilikoma kuwa pesa halali mwaka 1969, kwa hiyo kaunta ya benki haina la kuzifanyia.